Pazia la Rafuni

Binti yangu amerudi likizo kutoka Dar es Salaam na rai mpya: pazia la jikoni litolewe. Rafu zetu, asema, ziachwe wazi, vyombo vipangwe kwa ukubwa na kwa rangi, mitungi ya kioo yenye mchele na maharage ionekane, kwa kuwa ndivyo nyumba za siku hizi zinavyopambwa. Alinionyesha picha katika simu yake. Sikukanusha kwamba zilikuwa picha nzuri. Nilimwambia tu kwamba katika picha zote zile sikuona hata sufuria moja iliyoungua kitako, wala ndoo ya dagaa, wala chujio la chai lililofungwa kwa waya baada ya mpini kung'oka. Akacheka, akasema, "Baba, hivyo vinatupwa."

Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, alikuwa ameketi mkekani akichambua choroko. Hakusema neno. Aliinuka polepole, akaenda hadi kwenye rafu, akalivuta pazia likaziba ile nafasi ya vidole viwili iliyokuwa imebaki upande wa dirisha, kisha akarudi kuketi na ungo wake.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitaka kuandika juu ya neno sitara, na kila nilipoanza niliishia kuandika kamusi. Mkono ule wa mama uliovuta pazia umenionyesha pa kuanzia.

Nyumba yetu iko Nyegezi, kusini mwa jiji la Mwanza, si mbali na barabara iendayo Shinyanga. Tulipojenga, fundi alimwaga rafu tatu za zege jikoni, ukuta hadi ukuta, akatuachia sisi shida ya milango. Seremala alinitajia bei ya milango sita ya mninga. Nikamshukuru kwa heshima zote, nikaenda Mlango Mmoja. Msomaji asiyeijua Mwanza asidhani kwamba nilikwenda kupunguza hesabu ya milango. Mlango Mmoja ni soko letu la mitumba, na humo, kati ya marundo ya suruali na makoti ya nchi za baridi, huuzwa mapazia ya watu wa mbali yaliyokwisha kazi katika madirisha yao. Nilinunua mawili ya pamba, rangi ya udongo, mke wangu akayapunguza kimo, nami nikafunga waya kwa misumari miwili ya zege iliyonitoa jasho kuliko beti zote nilizowahi kuzitunga.

Kazi hii ina elimu yake, na mtu asiidharau. Rafu yenye upana wa mita 1.8 hutaka kitambaa cha mita 3 na nusu hivi, ili mikunjo ipate kukaa. Kitambaa kilichokatwa sawasawa na nafasi yake hukaza, kikatangaza kila sufuria inayokisukuma kwa ndani, na hapo huwa hujaficha kitu bali umekivisha tu. Pindo la chini liinuke vidole viwili kutoka sakafuni, ama sivyo hunyonya maji ya deki likawa jeusi kabla ya mwezi kwisha. Upande ulio karibu na jiko usiwekwe kitambaa kabisa, uwe wa mkaa au wa gesi. Na kitambaa kifuliwe mara kwa mara, kwa sababu nyumba za huku hula dagaa, na harufu ya dagaa hukaa katika nyuzi kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda kizuri.

Kisha kuna wadudu wa ziwani. Yapo majira ambapo huinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, na mtu asiyewajua hudhani kwamba merikebu inaungua huko mbali. Upepo ukiwaleta nchi kavu usiku, nao wakaona taa ya jikoni inawaka, huingia kwa maelfu. Asubuhi wamelala sakafuni na juu ya meza kama pumba zilizomwagika. Rafu isiyo na pazia siku hiyo huoshwa yote, chombo kimoja baada ya kingine, hadi kijiko cha mwisho. Nilimweleza binti yangu hoja hii, nikaona imemgusa kuliko hoja zote za heshima na mila.

Sasa nije kwenye maneno, maana najua wengi wenu mmekuja kwa ajili hiyo.

Pazia limekuwa neno la kazi nyingi. Waandishi wa michezo hulifungua kila mwaka: pazia la Ligi Kuu limefunguliwa, husema, na miezi kadhaa baadaye hulifunga. Waandishi wa siasa hupenda kukaa nyuma yake. Wakristo hulijua kwa jinsi lilivyopasuka hekaluni. Katika matumizi yote hayo, pazia ni kitu kinachongoja kuondolewa. Thamani yake iko katika saa ile linapofunguka, na yule aliye nyuma yake aidha ni mchezaji anayesubiri kupigiwa makofi au ni mla njama anayesubiri kufichuliwa. Pazia la rafuni halimo katika misemo hiyo hata moja. Lenyewe halikutundikwa ili lifunguliwe mbele ya watu. Hufunguliwa na mwenye nyumba peke yake, kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukitafuta chumvi.

Kwa pazia la namna hiyo lugha yetu ina neno jingine, nalo linatoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye sini, te na re. Waarabu wanalo neno sitara, na kwao ni pazia lenyewe, lile la kitambaa. Sisi tulipolipokea tuliacha kitambaa ufukweni, tukaingia ndani na maana: kusitiri, kusitirika, stara, sitara. Mswahili akimwombea mwenzake sitara hamwombei nguo ya dirishani, anamwombea asiaibike. Nimeliwaza sana jambo hili. Tulikuwa na pazia tayari, hatukuhitaji la pili. Tulichokihitaji ni jina la kile ambacho pazia linakifanya.

Na samani zenyewe zimekuja kwa njia mbalimbali. Rafu ni ya Kiarabu. Kabati limetoka kwa Waingereza. Shubaka kwa Waarabu ni dirisha, lakini kwetu limegeuka kuwa tundu la ukutani la kuwekea taa na vitu vidogo, kana kwamba dirisha limechoka kutazama nje likajifunga. Lakini uvungu ni wetu, wa Kibantu, nao ndio rafu ya kwanza ya mtu asiye na rafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: methali hii hufundishwa shuleni kama somo la unyenyekevu na bidii. Mimi nimekulia katika chumba kimoja, nami nasema kwamba kabla haijawa somo ilikuwa ni maelezo tu ya mahali vitu vilipowekwa. Naomba mwiweke akilini methali hii, nitaihitaji mbele.

Chumba hicho kilikuwa Igogo. Anayeijua Igogo anajua jinsi nyumba zilivyopanda mlima pamoja na mawe, nyingine zikiegemea mwamba kama mtu anayeegemea bega la nduguye. Baba alikuwa kuli bandarini, Mwanza Kusini, akishuka asubuhi na kupanda jioni. Tulikuwa na kitanda kimoja, mkeka wetu watoto, meza, mtungi wa maji, na katika pembe ya kushoto rafu ya mbao za masanduku, ngazi tatu, aliyoipigilia baba mwenyewe. Mbele ya rafu palikuwa na pazia, na pazia lilikuwa kanga.

Kanga huja doti, vipande viwili. Mama alikata kwenye mkunjo, kipande kimoja akakivaa, cha pili akakipitisha kwenye kamba ya katani na kukitundika rafuni. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa mama na rafu yetu walivaa sare. Sisi watoto hatukuona ajabu. Jina la kanga lilikuwa methali: SIRI YA MTUNGI AIJUAYE KATA. Lakini kitambaa chenye mikunjo hakisomeki chote. Nami ndio kwanza nilikuwa naanza kuunganisha herufi, nikizifuata kwa kidole mchana kutwa, na mikunjo ilinipa SIRI, kisha sehemu ya MTUNGI, kisha KATA. Nilisoma "Siri, kata". Nikadhani ni amri.

Nilipolivuta siku moja likanyooka lote nikapata maneno kamili, nilitatizika zaidi. Watu wa pwani wanajua kata ni nini: ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, cha kuchotea maji. Igogo hatukuwa na nazi wala vifuu. Maji tuliyachota kwa kopo. Kata niliyoijua mimi ni ile nyingine, pete ya nguo iliyosokotwa, mama aliyoiweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi. Kwa hiyo nilifahamu methali hivi: siri ya mtungi aijuaye ni yule aliyekaa chini yake akaubeba. Niliridhika kabisa na maana hiyo. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili mwalimu aliponisahihisha mbele ya darasa, na nakiri kwamba mpaka leo, na shahada yangu ya Kiswahili, sijaona kwamba maana ya mwalimu ni bora kuliko yangu. Kata ya kuchotea huingia mtungini ikatoka. Kata ya kichwani haina pa kwenda.

Nyuma ya pazia lile palikuwa na nini? Kwa kawaida palikuwa na vyombo: sufuria mbili, chungu, sahani za bati, kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa, na mkebe wa Kimbo. Juu ya mkebe huu lazima nieleze, kwa ajili ya vijana. Kimbo ni mafuta ya kupikia kutoka Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Meli zilizokuwa zikienda Kisumu zilikoma, na kazi ya baba bandarini ikapungua. Ikafuata vita ya Kagera, na baada ya vita ukosefu wa karibu kila kitu: sukari, sabuni, nguo, mafuta ya taa. Tulikula ugali wa mahindi ya njano tuliouita yanga, na kupanga foleni kwa vitu ambavyo mara nyingi vilikwisha watu watatu mbele yetu. Bidhaa zilipatikana kwa magendo, na ziwa lilikuwa barabara yake. Mkebe wetu wa Kimbo ulikuwa wa zamani, wa kabla ya mpaka kufungwa; mama aliutunza kwa kuwa ulikuwa na kifuniko kizuri, na ndani yake alitia chumvi ya mawe. Lakini picha ya nje ilibaki.

Katika miaka hiyo kanga zilikuwa adimu, na ile aliyoivaa mama ilichakaa mpaka ukaweza kuona mwanga wa mlango kupitia kwayo. Nakumbuka baba akimwambia aitoe ile ya rafuni aivae. Mama alikataa. Alisema, "Mimi nikichanika watasema nimechanika mimi. Ile ikitoka watasema nyumba haina kitu." Baba hakujibu, alikuwa mtu wa kujibu siku ya pili.

Mwaka 1983, kuanzia Machi, serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi. Waziri Mkuu alikuwa Edward Sokoine, na jina lake lilitajwa kila saa redioni. Wakubwa walikamatwa, na wadogo wakashikwa na hofu. Ilisemekana watu walitupa vitu vyao usiku, vichakani na ziwani. Watoto wa Igogo tulikwenda kutafuta mizigo kati ya mawe ya ufukweni, hatukuokota ila makopo. Hofu hiyo ilikuwa na jicho kali la kuona mapazia. Nyumba yenye kitu kilichofunikwa ilikuwa nyumba yenye swali.

Walikuja kwetu asubuhi: balozi wa nyumba kumi na mgambo wawili. Nani alipeleka habari hatukujua. Siku hiyo sikwenda shule. Mama alikuwa ameamka na kunigusa paji la uso, akasema nina homa, akanilaza kitandani kwao, si mkekani, na kunifunika blanketi hadi kidevuni. Kwa hiyo niliyaona yote nikiwa nimelala, kama mtu anayetazama mchezo.

Balozi alikuwa mzee wa heshima, na aliingia kwa heshima. Alisema, "Mama, usinielewe vibaya. Tumepata taarifa, nasi tumetumwa. Tunaomba utufungulie pale." Akaonyesha pazia kwa kidevu.

Mama alisema, "Mle hamna kitu, mzee wangu."

"Ndivyo wanavyosema wote," alisema mmoja wa mgambo.

Mama hakusogea. Ni balozi mwenyewe aliyelivuta. Kamba ililegea upande mmoja, kanga ikashuka nusu, na rafu ikabaki wazi mbele ya watu watatu wa nje kwa mara ya kwanza tangu baba alipoipigilia. Ngazi ya juu: mkebe na sahani. Ya kati: sufuria mbili zilizopinduliwa na karatasi yenye unga wa njano, labda vikombe viwili. Ya chini ilikuwa tupu. Nilishangaa kuiona tupu. Kwa jinsi mama alivyokuwa akiinama pale kila jioni na kuchakurisha, niliamini siku zote kwamba ngazi ya chini ndiyo yenye hazina.

Mgambo alichukua mkebe, akautikisa, akasema, "Hii ya Kenya hii." Akafungua. Akaonja kwa ncha ya kidole, akatema. Balozi aliupokea, akaufunika, akaurudisha mahali pake, picha ikitazama ukutani. Kisha akafanya jambo ambalo nimelitazama katika kumbukumbu mara nyingi kuliko jambo lolote la utoto wangu: aliinua ile kanga iliyoshuka, akaikaza kamba kwenye msumari, akalirudisha pazia, akalinyoosha kwa kiganja. Akageuka mlangoni, ambako majirani walikuwa wamekwisha kusimama, akasema kwa sauti:

"Hapa hakuna kitu. Twendeni."

Mtu anayejifunza Kiswahili ukubwani huambiwa kwamba hapana, hakuna na hamna ni maneno matatu ya jambo moja, na mjini tumeyachanganya kweli kweli. Lakini wapenda lugha wanajua kwamba po, ko na mo hazikuwekwa bure. Mama alisema hamna: ndani ya mle, nyuma ya kile kitambaa, hamna mnachokitafuta. Alijibu swali aliloulizwa. Balozi alisema hakuna, na ku- haina kuta. Hakuna humu wala kule, hakuna katika nyumba yote, hakuna kabisa. Alitutetea kwa neno lililotuvua nguo. Mama aliketi chini palepale, akajifunika uso kwa upindo wa ile kanga yake iliyochakaa, wala hakupika mchana.

Jioni baba aliposimuliwa alisema balozi ni mtu mwema: angeweza kuuchukua mkebe kuwa ushahidi, na chumvi ndani yake isingetusaidia kitu. Mama alisema, "Mtu mwema angesema hawakuona. Yeye amesema hakuna. Igogo nzima imesikia." Walibishana juu ya neno hilo moja kwa muda mrefu. Nadhani ndiyo siku nilipoanza kuwa mwalimu wa Kiswahili, ingawa sikujua.

Nimejaribu kulitungia shairi. Nilianza tarbia, mizani 8 kwa 8, nikapata mishororo mitatu kwa usiku mmoja:

Rafuni mwa mama yangu, pazia lilitandazwa,
Ndani mkebe na chungu, vitupu, havijajazwa,
Jirani na walimwengu, hawakupata kujuzwa,

Kituo hakikuja. Nimekwenda nacho Capri Point nikitazama maji, nimekwenda nacho Kirumba Mwaloni kati ya magunia ya dagaa, nimekaa nacho katika semina na vikao vya walimu. Vina vipo vya kutosha. -Ngu ni kina kisichomnyima mtu, na -zwa ukiibana hutoa. Kilichokosekana ni neno la kusema. Miaka imepita, na ubeti wangu wa tarbia umebaki tathlitha kwa lazima.

Nilimwambia binti yangu habari hii yote juzi, jikoni, ili aelewe kwa nini sikimbilii kutoa pazia. Nilimwambia pia habari za upande wa pili, nisiwe mwamuzi wa kupendelea. Majumba ya mawe ya Lamu na Pate yalikuwa na zidaka, safu kwa safu za visanduku vilivyochongwa katika lipu ya ukuta, na humo waungwana waliweka sahani na bakuli za kauri zilizotoka China, wazi kabisa, ili mgeni azione. Hawakuweka pazia. Na mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha jinsi fahari ya Pate ilivyokwisha, alitazama kwenye zidaka hizo hizo akaona ndege wamefanya makazi. Kwa hiyo anayetaka rafu wazi, nilimwambia, hajaiga wageni tu, anao mababu. Alifurahi kusikia hivyo. Kisha akamgeukia bibi yake na kumwuliza, "Bibi, ni kweli mlikuwa hamna kitu kabisa?"

Mama aliendelea na choroko zake kwa muda. Kisha akasema, "Miche mitano."

Nikauliza, "Miche mitano ya nini?"

"Ya sabuni. Baba yako aliipata kwa watu wa mitumbwi. Mdogo wako alikuwa anakaribia kuzaliwa, na hospitali uende na sabuni yako, ama ufuliwe na nani? Ilikuwa mvunguni, imefungwa ndani ya gunia, wewe juu yake."

Nilimwambia kwamba nilikuwa na homa.

"Hukuwa na homa," alisema mama.

Basi nilikaa kimya, mtu mzima mwenye mvi, katika jiko langu mwenyewe. Niliwaza juu ya wale mgambo wawili waliotazama rafu mpaka wakaonja chumvi, na hakuna hata mmoja aliyeinama. Niliwaza juu ya ngazi ya chini iliyokuwa tupu, na mama aliyekuwa akichakurisha pale kila jioni mlango ukiwa wazi, majirani wakipita. Nikamwuliza kama pazia liliwekwa makusudi ili watu walitazame hilo. Alisema hapana, lililiwekwa kwa sababu rafu ilikuwa mbaya. Nikamwuliza kama balozi alijua. Alisema, "Blanketi lilikuwa limeinuka upande. Alilitazama. Baada ya hapo ndipo alipolirudisha pazia. Sasa kama alijua au hakujua, mimi ningemwulizaje?"

"Lakini ulilia, mama. Ulijifunika uso."

"Nililia. Kwani sabuni ikiwapo mtu haoni aibu? Rafu ilikuwa tupu kweli."

Nilichukua daftari langu nikausoma tena ubeti. Ukwapi wa mshororo wa kwanza unasimama. Utao wa mshororo wa tatu, kwamba hawakupata kujuzwa, sasa una maana ambayo sikuitia mimi. Wa pili ni kweli kwa rafu, si kweli kwa chumba. Nimeuacha kama ulivyo. Kama kuna msomaji mwenye kituo, aulete. Masharti ni kwamba kiwe na sabuni ndani yake na kisiitaje.

Binti yangu na bibi yake wamefikia mapatano bila kunishirikisha. Ngazi ya juu itakuwa wazi, kwa vikombe vya wageni na mitungi ya kioo. Ngazi mbili za chini zitafunikwa, na wadudu wa ziwani wakija, vikombe vitaoshwa na aliyetaka vionekane. Pazia la zamani litakuwa refu mno, kwa hiyo limekwisha kukatwa. Ulihitajika waya mpya, wa kupita chini ya ngazi ya juu.

Jumamosi nilikwenda mjini kuununua. Muuzaji aliniuliza, "Mzee, wa dirisha au wa mlango?" Nikamwambia, wa rafu. Alinitazama kidogo, akavuta utepe wake, akanipimia mita mbili.